Kaka Mkubwa Mgongoni

Binti yangu alipokuwa bado tumboni, baba mkubwa wa mume wangu alinijia ndotoni akaomba maji. Alikuwa amefariki mwanzoni mwa majira yale ya baridi, barafu ya bahari ilipokuwa bado changa. Alisimama mlangoni na theluji imejaa kwenye nyusi, akasema, "Mkwe, nina kiu." Nikampa. Akanywa, akapangusa mdomo, akacheka kile kicheko chake cha kutikisa mabega.

Asubuhi nilimsimulia mama mkwe wangu, Arnaujaq. Aliacha kutafuna ngozi ya kiatu aliyokuwa akiilainisha.

"Maji aliyamaliza?"

"Yote, mama."

"Basi anarudi. Huyo uliyembeba ni Qillaq."

Kwa hiyo mtoto alipozaliwa, hakuna aliyehangaika kutafuta jina. Kwamba ni wa kike, hilo halikumsumbua mtu, jina halichagui. Mume wangu, Tulimaq, alimwita Baba Mkubwa tangu siku ya kwanza, nami vilevile. Mama mkwe alimwita Shemeji, akawa anamgombeza kama alivyomgombeza mwenye jina alipokuwa hai. "Shemeji, umenikojolea tena! Hata ulipokuwa na ndevu hukuwa na adabu."

Mtu mmoja tu hakumwita chochote: baba mkwe wangu, Ammaq, mdogo wake Qillaq wa tumbo moja. "Mtoto wenu analia," ndivyo alivyosema. Au, "Mfunikeni huyo." Lile jina alilikwepa kama mtu anavyokwepa barafu nyembamba.

Sababu tuliijua sote. Zamani, kambi nzima ikiwa imekusanyika, Ammaq alijigamba kwamba hakuna anayejenga nyumba ya theluji upesi kama yeye. Akajenga. Alipokuwa akiweka tofali la kufungia paa, nyumba yote ikamwangukia kichwani. Qillaq alicheka mpaka akakaa chini. Hilo pengine lingepita, lakini jioni alimtungia wimbo, akaupigia ngoma mbele ya watu. Kwetu wimbo wa kumcheka mtu hujibiwa kwa wimbo, watu wakacheka pande zote mbili, yakaisha. Ammaq hakujibu. Alifunga mbwa wake kwenye sleji ya kuburutwa juu ya theluji akahama, na watoto wakabaki wanauimba. Ndugu hawa hawakusemezana tena, hadi bahari ilipomchukua Qillaq.

Sasa Qillaq alikuwa amerudi, yuko mgongoni kwangu ndani ya koti, na hanenepi. Alinyonya kidogo, akatapika, akalia kilio chembamba kama cha mbwa mchanga. Mapaja yake yalikuwa na mikunjo ya ngozi bila nyama.

"Maziwa yangu yana kasoro, mama?" nilimuuliza Arnaujaq.

"Maziwa yako hayana neno. Hebu fikiria, ungefika kwa ndugu yako, ndugu mwenyewe hata hakusalimii, ungetulia kula?" Alimfunika mtoto, akashusha sauti. "Jina lisipopokelewa linaondoka, mwanangu. Na likiondoka haliendi peke yake."

Baada ya hapo kila usiku niliweka mkono kwenye kifua chake kuhakikisha kinapanda na kushuka. Lakini kumwambia baba mkwe nisingeweza. Mwanamke aliyeolewa nyumbani hamwelekezi baba mkwe namna ya kuishi na kaka yake.

Jua liliporudi baada ya miezi ya giza, tulihamia juu ya bahari iliyoganda kuwinda sili, wale wanyama wa majini wenye mafuta mengi. Tukiwa katikati ya barafu upepo ukageuka, mbwa wakaanza kujikunja na kuficha pua. Ilibidi tujenge hapo hapo.

Tulimaq alichukua mchokoo wa pembe wa kupimia theluji, akaudunga chini.

"Baba, hapa ni theluji ya dhoruba mbili. Mchokoo umeruka katikati, tabaka hazijashikana."

"Mkono wako ndio umeruka."

"Tusogee kidogo tu kule kwenye..."

"Nilikuwa najenga kabla hujaota meno. Nipe kisu."

Akakata matofali, akayapanga kwa kuzungusha, yeye akiwa ndani kama ajengavyo mjenzi, ukuta ukipanda na kumwinamia. Mimi na mama mkwe tulikuwa nje, tunaziba nyufa kwa theluji laini. Upepo ulikuwa unatupora maneno mdomoni. Mtoto alikuwa ameamka. Nilihisi kidevu chake begani kwangu, amechungulia kutoka kwenye kofia ya koti.

Paa lilikuwa karibu kufunga. Tofali moja likapasuka ubavuni, sawasawa pale dhoruba mbili zilipokutana. Likafuata la juu yake. Kisha nyumba yote ikakaa chini polepole, kama mzee anayetafuta kiti.

Ammaq alibaki amefukiwa hadi kifuani, kisu mkononi, theluji imejaa kwenye nyusi.

Tulimaq aliangalia mbwa. Mama mkwe aling'ata glavu yake. Nami nikawaza: amekwisha, mtoto wangu. Baada ya aibu hii baba mkwe hatalitaja jina hilo kamwe.

Ndipo nyuma ya sikio langu ikatoka sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Nilidhani amepaliwa. Ikatoka tena, nzito, kutoka tumboni, na mwili wake mdogo ukawa unatikisika mgongoni kwangu. Binti yangu alikuwa anacheka. Kicheko chake cha kwanza duniani.

Ammaq aliinua kichwa. Alimtazama mtoto, wala hakupangusa uso.

"Hata salamu hakuna," alisema. "Unatoka huko kote ulikokwenda, kitu cha kwanza ni kunicheka."

Mtoto akacheka tena.

"Cheka. Cheka, kaka. Safari hii nimeanguka nawe huna hata meno ya kuimbia."

Mama mkwe alishindwa kujizuia, akapiga magoti kwenye theluji akicheka huku machozi yanamganda mashavuni. Tulimaq akamvuta baba yake kutoka pale. Mimi sikucheka. Nilisimama tu nimeshika mikanda ya koti kwa mikono miwili, neno lile moja likinizunguka kichwani. Kaka.

"Mkwe, sogea hapa," Ammaq akaniita. "Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kuchagua theluji. Mlete achague."

Tukatembea bega kwa bega upepo ukitusukuma. Akadunga mchokoo, akageuza uso kwenye kofia yangu. "Hapa, kaka?" Mtoto alinung'unika. Tukaendelea. "Na hapa?" Akapiga chafya. "Sawa, sawa, usinikemee." Nyuma ya kilima kidogo cha theluji iliyopigwa na upepo mmoja, mchokoo ulishuka bila kukwama. Akasubiri jibu. Mtoto alikuwa amelala.

"Ameridhika," akasema, akaanza kukata.

Nyumba hiyo ilisimama. Mama mkwe alipowasha taa ya mafuta ya sili na kunyoosha utambi, kuta zikawa na rangi ya maziwa, na upepo ukabaki huko nje na kelele zake. Tulikunywa mchuzi wa moto. Ammaq alinyoosha mikono bila kunitazama.

"Nipe kaka yangu."

Nikamtoa kwenye koti nikampa. Alimweka kifuani ndani ya ngozi yake ya kulungu, akachovya kidole kwenye mchuzi, akamlambisha humo usingizini. "Kula. Ulikuwa mkubwa kuliko mimi, umekuwaje hivi?" Kisha akaanza kuimba, kwa sauti ya chini ya mtu asiyejua kuimba. Kwanza sikuutambua wimbo. Mama mkwe ndiye aliyeacha kuchochea taa, akageuka.

Ulikuwa ule wimbo. Wa mtu aliyejenga nyumba ikawa kofia, akaivaa mwenyewe.

"Umeruka ubeti," Arnaujaq akamwambia.

"Upi?"

"Ule wa mbwa wako kuja kukufukua wakidhani wewe ni sili."

"Huo nauacha."

"Shemeji, umesikia? Anakuibia wimbo wako."

Ammaq akavuta pumzi, akauimba na huo ubeti. Alipomaliza alikohoa, akasema moshi wa taa umezidi, ingawa mama mkwe hajawahi kuwasha taa ikatoa moshi. Kisha akaniambia kwamba wimbo haujajibiwa bado. Miaka yote hii alikuwa na jibu. Ataliimba kesho, kaka akiwa macho, ili asije akasingizia hakusikia.

Mtoto aliamka akaanza kutafuta kwa mdomo kifuani pa babu yake, akakosa, akakasirika. Alinirudishia.

"Mpe haraka, mkwe. Huyu akiwa na njaa hana utani. Namjua."

Binti yangu akashika titi, akanyonya. Akanyonya mpaka jasho likamtoka puani. Nilimsubiri atapike kama kawaida yake. Alicheua tu, kwa nguvu, kama mwanamume aliyetoka mawindoni, na Ammaq akaniitikia kwa kichwa kutoka upande wa pili wa taa.