Nafasi ya Salamu

Katikati ya kibao changu kuna mahali ambapo kila kitu kinanyamaza isipokuwa ngoma. Kinanda kimya, mimi kimya, mdundo unabaki peke yake. Mahali hapo nilipaacha wazi kwa makusudi, na kidogo nigombane na Lyès kabisa kwa ajili yake.

Lyès ndiye mtayarishaji wangu. Ametoka Algiers, mji mkuu, na watu wa Algiers wakija kwetu Oran hutembea kama wamekuja kukagua mali yao. Lakini fundi ni fundi. Nilimwambia nataka kibao cha kuchezeka, chenye ladha ya kaseti za miaka ya themanini zilizokuwa zikilia katika kila saluni ya mji huu, naye akanielewa mara moja. Alisaka kinanda cha wakati ule, chenye sauti inayokwaruza kidogo, na mashine ya ngoma iliyotuzidi umri sote wawili. Alipoiachia besi kwa mara ya kwanza nilivua viatu nikacheza pale pale studio. Nilijua tumepata kibao cha arusi za majira ya joto. Sijisifu, nasema nilichosikia.

Kesho yake narudi, nakuta ile nafasi ameiziba. Amejaza vinanda na makofi mpaka pumzi hakuna.

“Nimekufichia aibu, dada,” akasema. “Ulisahau kuimba hapo katikati.”

“Sikusahau. Hapo ni pa salamu.”

“Salamu gani?”

Nikamtazama. Mtu mzima, ana ndevu zake, hajui salamu. Ikabidi nimfundishe. Arusini kwetu, ukitaka kumtukuza mtu, unamwendea mtangaza salamu na kumnong’oneza sikioni. Bendi inabakiza ngoma tu, jina linatangazwa ukumbi mzima ulisikie, kisha muziki unarudi na aliyetajwa anainuka kucheza. Hata kaseti za zamani zilirekodiwa hivyo hivyo, na salamu zake ndani.

“Hayo ya arusini,” Lyès akasema. “Kwenye simu mtu akisikia kimya anaruka wimbo. Nani atakaa akusubiri?”

“Watasubiri. Toa makofi yako.”

“Na salamu zenyewe atazitoa nani?”

“Mama yangu.”

Mama yangu, Kheira Benchohra, hushona magauni ya maharusi, yale ya kwetu ya shanga kifuani. Lakini ujanani alikuwa mwimbaji na mtangaza salamu wa kundi la wanawake, na mwaka 1987 alirekodi kaseti moja. Ikavuma kwelikweli. Jaladani hapakuwa na jina lake wala sura yake, kwa sababu kaka yake, Mjomba Miloud, asingevumilia. Paliandikwa “Binti wa Oran”, na picha ilikuwa ya msichana wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu, iliyokatwa kwenye gazeti la mitindo. Mama hulicheka jalada lile. Mimi silicheki. Nimekua nikisikia wateja wakimsifu yule mrembo wa kwenye kaseti, na mwenye sauti yake kapiga magoti mbele yao, pini mdomoni, anawapima pindo. Iliniuma nikiwa mtoto na inaniuma hadi leo. Mjomba alishafariki, Mungu amrehemu, lakini mama alishazoea kujificha. Umaarufu wangu nilijua utakuja wenyewe. Nilichokitaka kwenye kibao hiki ni jina lake litangazwe, hata mara moja, mahali pasipofutika.

Akaja studio na mfuko wa uzi na bakuli la makrout, vitamutamu vyetu vya tende, akamkagua Lyès juu hadi chini.

“Wewe ndiye mtoto wa Algiers? Mbona umekonda hivi? Kula.”

Lyès akala, nini tena. Mama akavaa vipokea sauti.

“Haya, nimsalimie nani?”

“Jitaje wewe, mama. Jina lako kamili.”

Akavivua. “Houaria, umeona wapi mtu akijitumia salamu mwenyewe? Unataka watu waseme nimechanganyikiwa? Nitawasalimia maharusi wote wa Oran, yaishe.”

Lyès akaniangalia kwa jicho la kusema umekwama. Sikukwama. Namjua mama yangu. Katika kazi ile alikuwa na sharti moja, na mpaka leo hujivunia: ulichomnong’oneza anakitangaza kilivyo, hapunguzi, hakatai. Aliwahi kutangaza salamu za bibi arusi kwa mama mkwe wake zilizosababisha viti kurushwa, na alipolaumiwa alisema yeye kazi yake ni kufikisha.

Tukaanza kurekodi. Kiitikio tuliimba pamoja, na sauti yake ilikuwa bado na makali yake, mpaka nikajisikia mdogo. Kisha kinanda kikanyamaza, ngoma ikabaki. Mama alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa kwa ajili ya maharusi, nikamsogelea, nikainua kipokea sauti kimoja na kumnong’oneza.

Akanikazia macho yale yale aliyokuwa akinikazia akinifuma na sukari. Ngoma inakwenda. Nikaona kazi inamshika. Akainua mkono, akafumba macho.

“Na hii imetoka kwa Houaria binti yangu. Imfikie Kheira Benchohra. Kheira wa mtaa wa Sidi El Houari, mwenye sauti ya ile kaseti. Ni yeye, si yule Mzungu.”

Halafu akapiga kigelegele kirefu ambacho hakuna aliyemtuma kukipiga. Nyuma ya kioo Lyès alikuwa amesimama, makrout mkononi.

“Umenitega,” mama akaniambia tulipomaliza.

“Si ungekataa?”

“Salamu haikataliwi.” Akajifuta macho kwa ncha ya skafu. Akamwambia Lyès amwekee asikilize, na ilipokwisha akamwambia amwekee tena. Lyès hakutaja tena habari ya kuziba.

Kibao kikatoka Alhamisi. Jaladani tuliweka mkono wake umeshika kipaza sauti. Uso aliukataa, na hapo sikumlazimisha. Watu hawakukiruka. Wiki haikuisha, kinalia saluni, kinalia kwa vinyozi, kinalia balkoni za jirani mpaka mama akawa anafunga dirisha apate kushona.

Jumamosi moja tulipeleka gauni la bibi arusi, tukabakizwa karamuni. Kibao kikawekwa, ukumbi mzima wa wanawake ukainuka, isipokuwa mama na sahani yake ya vitamutamu. Ngoma ilipobaki peke yake, wote wakaitikia pamoja, wasichana na vikongwe: “Imfikie Kheira Benchohra.”

Msichana mmoja alijitupa kitini kando ya mama, anahema.

“Shangazi, wewe ni wa enzi za kaseti. Huyu Kheira ulimjua?”

Nikamwachia mama ajibu. Lilikuwa swali lake, si langu. Mama akakung’uta sukari vidoleni, taratibu.

“Ni mimi,” akasema. “Hebu vuta kiti nipite.”

Muziki ulikuwa umesharudi, na aliyetajwa huinuka kucheza.