Salamu za Kupandia Kilima

Binti yangu Evelina alifunga vyombo vyangu kwenye maboksi kabla sijakubali kuhama. Nyumba yangu iko juu ya mawe, Ilemela, na tangu goti langu la kushoto lianze ubishi anataka nikaishi kwake Igogo, upande wa tambarare, ambako jirani unamjua kwa rangi ya geti lake.

"Nipime," nikamwambia. "Nikishindwa kupanda, nahama leo hii."

"Kutoka barabarani mpaka mlangoni. Hukai, huegemei kitu. Nathaniel atakusindikiza, mimi nawasubiri juu."

Nathaniel ni mumewe, Msukuma wa Magu, mwenye adabu zake. Kwao mkwe hamgusi mama mkwe, wala hamtangulii njiani. Akanifuata nyuma kama askari magereza.

Tulianza saa nne asubuhi, mwezi wa nane, kilima kimekauka kau. Nyasi zimebaki mabua, pimbi wamejificha, mawe yanachoma mpaka kwenye soli ya kandambili. Hatua hamsini tu, pumzi ikakata. Bahati nzuri Mzee Masele alikuwa nje kwake, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, kaka!"

"Marahaba. Huko utokako?"

Nikamweleza nitokako. Nikamuuliza habari za mke, za watoto, za mbuzi, mmoja mmoja. Shule niliishia darasa la nne, ila salamu nimezisoma mpaka chuo kikuu. Tulipofika kwa mbuzi wa tano, pumzi ilikuwa imerudi.

"Mama, Evelina anasubiri," Nathaniel akanong'ona.

"Kwa hiyo nimpite mtu mzima kama naswaga ng'ombe?"

Akarudi nyuma hatua moja, akangoja.

Juu kidogo yuko Bernadetta, anaanika dagaa juu ya jiwe. Huyo ni Mhaya. Ukimuuliza habari za nyumbani anaanzia kwa babu. Nikamuuliza. Nathaniel akahema, akajifuta jasho, mwishowe akakaa chini yeye.

Lakini sehemu ya mwisho haina nyumba. Ni mwamba mtupu, jua linakupiga juu na jiwe linakupiga chini. Katikati yake goti likagoma. Nikatazama kulia, mjusi. Kushoto, minyaa. Hakuna hata mtoto wa kuniamkia. Nikaona kabisa geti la Igogo likifungwa nyuma yangu.

Nikageuka taratibu.

"Mkwe wangu, hivi wazazi huko Magu hawajambo?"

Nathaniel alinitazama, akatazama goti langu linavyotetemeka. Sikujua atasema nini. Akaweka mikono nyuma, kama anavyosimama mkwe.

"Hawajambo, mama. Ila baba mwaka huu kalima pamba ekari tatu..."

Akaanza na pamba, akaja kwenye mpunga. Akawataja shangazi zake wote, na mmoja naapa alimtunga palepale. Mimi naitikia tu, "Ehee," mpaka goti likatulia.

Evelina alikuwa mlangoni, mkono kiunoni.

"Saa nzima! Amekaa?"

"Hajakaa," mumewe akajibu.

"Ameegemea?"

"Wala."

"Sasa mlikuwa mnafanya nini huko?"

"Tulikuwa tunasalimiana."

Evelina akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Kisha akavuta boksi la kwanza kwa mguu, akaanza kurudisha sufuria zangu kabatini, akizigonga kwa nguvu ili nijue amekasirika.