Peoni kwenye Chumba cha Karoti

Bi Nasriya alipiga simu kutoka Uingereza mwezi wa Novemba 2002 kusema anakuja Maskati mwisho wa Machi, na Muhsina akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Si kwamba hakumpenda shangazi yake. Ndiye aliyemlea tangu utotoni, Unguja. Tatizo lilikuwa ile peoni.

Miaka minne nyuma, Bi Nasriya alifukua peoni, mmea wa maua wa nchi za baridi, bustanini kwake Uingereza, akakata kipande cha shina na mizizi yake, akampa Muhsina aende akapande nyumbani kwake Ghubra, Maskati. Ua lake likichanua hujaza sahani. "Lakini wewe mkono wako haukamati mti," alimwambia. Neno lile lilimchoma. Basi kila mwaka Muhsina akawa anaandika barua: peoni imechanua, rangi imekoza, inanukia mpaka kwa jirani. Kweli yenyewe ni kwamba ilitoa majani, ikatoa majani, na mwaka wa nne ikatoa majani. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Muhsina sasa ilikuwa imefika uwanja wa ndege.

Mkono wake haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la Maskati. Peoni isipolala kwenye baridi kali kama miezi miwili haitoi tumba, na baridi ya Maskati haimvishi mtu hata soksi. Muhsina alikuwa ameshajaribu kuimwagia barafu kila asubuhi, na Ghanim, mumewe, akilalamika kila asubuhi kwamba maji yake ya kunywa ni ya moto. Safari hii aliing'oa, akaitia kwenye chungu, akaipeleka soko kuu la mboga, Mawaleh. Josphat, Mkenya mmoja, ndiye aliyesimamia vyumba vya baridi huko.

"Kaka yangu, nna mmea nataka ulale baridini mpaka mwisho wa Januari," alimwambia. "Pale penye matufaha naona pana nafasi."

"Kwa matufaha hapana, madam. Nimefanya kazi ya maua Naivasha miaka sita. Hayo matunda yanatoa hewa ya kuivisha, na hiyo hewa inaua tumba. Hii tutaiweka kwa karoti, khalas." Josphat akachokora udongo kwa kidole. "Na mbona umeizika kama muhogo? Haya macho yake ya kuchipua yanataka kukaa juu juu."

Ikapandwa upya palepale, ikalala na karoti.

Ilipotoka, Muhsina aliiweka kwenye kivuli cha ukuta. Mwezi wa Machi likatokea tumba moja, na sisimizi wakalijia. Ghanim akaja na dawa ya kupuliza, akafukuzwa nayo. Kila alfajiri mkewe alikwenda kulitazama tumba, akisema mashallah, kabla hajamsabahi yeye.

Ua lilichanua siku mbili kabla ya mgeni kufika. Muhsina alilia kwa furaha, wala hakuona haya. Kisha akainama alinuse.

Halikuwa na harufu. Akanusa tena, akapata harufu ya jani bichi tu. Yeye aliyekulia kwenye asumini na vilua hakuwahi kufikiri kwamba kuna ua zuri hivi lisilonukia, wala hakuuliza. Na barua zake nne, kila moja ilisifu harufu.

Asubuhi ya mgeni alitoka nje na chupa ya marashi ya mawaridi. Akaifungua, akasimama nayo juu ya ua. Mwisho akaifunga, akairudisha kabatini.

Bi Nasriya hakungoja hata kahawa. Alikwenda moja kwa moja uani, akaliinamia ua, akavuta pumzi. Muhsina alikuwa nyuma yake.

"Shangazi," alisema, "halinukii."

"Halijapata kunukia, hata kwangu," Bi Nasriya alijibu, bila kuinua kichwa. "Miaka minne nnangoja uniandikie neno hilo."