Gari Lililonyweshwa Chumvi

Kabla jogoo hajawika, Dorika alilitikisa birika tupu, nalo likalia kacha-kacha-kacha, kama lina njugu ndani.

Alilisogeza kwenye mwanga wa moto, akalitikisa tena. Hazikuwa njugu. Yalikuwa magamba ya maji, yale meupe magumu yanayoganda ndani ya kila chombo kinachochemshia maji ya kisima cha bondeni. Jana yake jioni alikuwa amelijaza birika maji ya ukwaju, kama alivyofundishwa na mama yake, na sasa magamba yalikuwa yameachia yenyewe. Aliyamwaga kiganjani. Badala ya kuyatupa jalalani kama siku zote, akabaki anayatazama.

"Baba Selina," aliita. "Amka. Nimejua ugonjwa wa gari."

Mazengo alikuwa macho tayari. Tangu Jumatatu mume wake huyo hakuwa amelala vizuri. Jumatatu ndipo Bwana Mkaguzi wa magari alipopita hapa Saranda, akalikuta gari lao limesimama katikati ya njia, boneti wazi, mvuke unatoka kama chungu cha pombe. Mzungu yule alilizunguka mara mbili na daftari lake.

"Gari hii imekufa," alisema.

"Imechoka tu, Bwana," alijibu Mazengo.

"Imekufa. Inachemka kila siku, inafunga barabara. Ijumaa saa nne mimi niko Kilimatinde, mbele ya boma. Ikipanda mlima yenyewe bila kuchemka, sawa. Isipopanda, natoa namba, basi. Hakuna tena."

Dorika, aliyesimama kando na kuni kichwani, ndiye aliyejibu, "Litapanda, Bwana." Mkaguzi hakumtazama. Aliandika kitu, akaondoka.

Watu wa bondeni walilijua gari lile kwa sauti yake. Lilikuwa kuukuu, limebanduka rangi, milango inafungwa kwa kamba. Mazengo alitoa ng'ombe kulipata kutoka kwa mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao, na ndugu zake wakamwona ana wazimu. Lakini kwa miaka mitatu lilikuwa limepandisha wagonjwa hospitali ya Kilimatinde. Kabla yake, mgonjwa alibebwa kwa machela. Hivyo ndivyo alivyobebwa binti yao Selina, miaka minne iliyopita, usiku kucha, na mtoto wake wa kwanza akazaliwa nusu ya mlima, juu ya majani, asilie hata mara moja.

Sasa Selina alikuwa amelala chumba cha pili na mimba ya miezi tisa. Kwa hiyo Dorika alipomwambia Mkaguzi kwamba gari litapanda, hakuwa akijibishana naye kwa ajili ya chuma.

"Fundi wa Manyoni amesema rejeta imeziba," Mazengo alisema, akijifunga shuka. "Mpya inatoka Dar es Salaam. Miezi mitatu."

"Imezibwa na nini?"

"Hakusema."

Dorika alimfungulia kiganja. "Na hiki. Niambie, Baba Selina, gari unalinywesha maji ya wapi?"

Mazengo alijikuna shingo. "Ya kisima cha ng'ombe."

"Kile chenye chumvi?"

"Ng'ombe wangu wote wananenepa kwa maji yale, Mama Selina! Hata mtu akikupa maji matamu ya stesheni, ng'ombe hayataki. Mimi nililipitisha gari mbele ya bomba la stesheni, nikaenda mpaka kisimani, mbali kule, ili linywe vizuri. Nililitendea kama ng'ombe wangu."

Dorika alitaka kucheka, akaona macho ya mumewe, akaacha. Mtu amekosea kwa kupenda. Humpigi kwa hilo. Alimwekea uji mbele yake. "Kunywa. Leo tunaliosha tumbo."

Kulipopambazuka walianza, injini ikiwa bado baridi. Mazengo alifungua kifuniko cha rejeta, akalala chini kufungua koki. Halikutoka hata tone. Dorika alileta mwiba mrefu wa mgunga, Mazengo akachokonoa, akachokonoa, na ghafla maji yakamrukia usoni, mekundu, mazito kama uji wa ulezi.

"Mbukwenyi!" ilisikika salamu ya Kigogo uani. "Naona leo Wagogo mnakamua gari."

Alikuwa Filipo, jirani yao, Mnyaturu aliyefanya kazi relini, mtani asiyepitisha siku bila kuwachokoza.

"Karibu, mtani," alisema Dorika. "Ukitaka maziwa, kinga mdomo."

Filipo alichungulia sufuria kubwa ambamo Dorika alikuwa akiponda ukwaju kwenye maji ya moto. "Na hii ni mboga yake? Jamani! Wenzenu gari linapelekwa kwa fundi, ninyi mnalipikia mchuzi. Mkaguzi akisikia atawaandika daftari zima."

"Aandike. Wino ni wake."

Filipo alicheka mpaka akashika ukuta, akaenda zake kazini.

Dorika alichuja ukwaju mara mbili kwa kipande cha kaniki, ili nyuzi na kokwa zisiingie kuongeza balaa. Wakaujaza kwenye rejeta mpaka juu. Mazengo akapiga hendeli, gari likakohoa, likawaka, wakaliacha lingurume pale pale uani. Lilipopata moto, harufu ya ukwaju ikajaa kaya nzima, na Selina akatoka mlangoni akishika kiuno.

"Mama, natamani hiyo mnayopika."

"Hii si yako, mwanangu. Yako nimeiweka kwenye bakuli, ndani."

Walipozima injini, Mazengo alishika ndoo ya maji baridi. Dorika akamzuia mkono. "Chungu cha moto humwagii maji ya baridi, kitapasuka. Subiri."

"Nimesubiri tangu Jumatatu!"

"Basi umeshazoea. Keti."

Waliketi mpaka kivuli cha nyumba kikahama. Walipofungua koki tena, yalitoka maji meusi, na ndani yake magamba meupe, mengine makubwa kama ukucha wa kidole gumba. Mazengo aliyaokota moja moja, akayapanga juu ya jiwe.

"Nimelilisha mawe," alisema.

"Umelilisha kwa miaka mitatu na halikufa," Dorika alimjibu. "Huoni lilivyo na moyo?"

Walirudia ukwaju mara ya pili. Kisha Mazengo akafungua mpira wa chini, wakasukuma maji kutoka chini kwenda juu, ili uchafu urudi njia uliyoingilia. Mwishoni Dorika akapitisha maji ya majivu yaliyochujwa, kama anavyofanya mboga ikizidi ukali, maana ukwaju ukibaki ndani utakula chuma chenyewe. Jioni mikono yake ilikuwa imechubuka, na maji yaliyotoka yalikuwa bado na wekundu kidogo.

Alhamisi walihitaji maji matamu ya kusuuza na kujaza. Ilikuwa kiangazi, na wakati huo bomba la stesheni huwa la watu wa reli tu, kila familia na madebe yake. Dorika alikuwa bado anafikiri aende kumpigia nani magoti, alipomwona Filipo anakuja na mzega begani, debe mbele, debe nyuma, jasho linamtoka.

"Mtani, hayo si maji ya watoto wako?"

"Watoto wangu watakunywa ya kisima siku mbili," alisema Filipo akiyatua. "Nasikia yananenepesha."

Dorika alimchotea uji, akamshikia kibuyu mpaka akamaliza, maana mikono ya Filipo ilikuwa imekufa ganzi kwa uzito aliobeba.

Debe la kwanza walisuuzia, likatoka safi. La pili walijazia. Hapo ndipo tone likaanza kuanguka chini ya mpira wa juu. Tii. Tii. Magamba yalikuwa yamefunika ufa kwenye shingo ya rejeta, na sasa ufa ulikuwa wazi.

Mazengo alikaa chini kabisa, mavumbini. "Mzungu alisema. Limekufa."

"Mzungu alisema Jumatatu," alisema Dorika. "Leo ni Alhamisi." Alichana mpira wa ndani wa baiskeli, akampa utepe, naye akauzungusha juu ya ufa, akaukaza kwa waya mpaka vidole vikatoka damu. Tone likakoma. Walipowasha injini, halikurudi.

Ijumaa asubuhi Mazengo alitaka kupandisha gari tupu, liwe jepesi. Dorika alikwisha kumketisha Selina nyuma, na mto mgongoni.

"Mama Selina, leo ni siku ya jaribio!"

"Gari hili tulilichukua libebe nini? Upepo? Kama litapanda, lipande na kazi yake."

Filipo naye akaingia bila kukaribishwa. "Mtahitaji wa kusukuma," alisema.

Mlima wa Kilimatinde ni mkali, na njia yake imejaa mawe. Kwenye kona ya pili Mazengo akapunguza mwendo, akitazama boneti kwa hofu.

"Usisimame," alisema Dorika.

Walipita pale penye majani, nusu ya mlima. Selina alishika mkono wa mama yake, akaubana. Injini ilinguruma kwa gia ndogo, ikapanda, ikapanda, na mvuke haukutoka.

Mbele ya boma Bwana Mkaguzi alikuwa amesimama na spana ya kung'olea namba mkononi. Miguuni pake palikuwa na ndoo ya maji, tayari kwa gari linalochemka. Aliinama, akatazama chini ya rejeta. Pakavu. Akasikiliza. Hakuna kinachochemka.

"Rejeta mpya?"

"Ile ile, Bwana," alisema Mazengo.

"Fundi nani?"

Mazengo alimwonyesha mkewe. Mkaguzi akamtazama Dorika, safari hii kwa muda.

"Wewe? Ulifanya nini?"

"Niliosha chombo, Bwana. Ulisema kimekufa, kilikuwa kichafu." Akanyoosha mkono. "Na hiyo ndoo, kama huna kazi nayo, tupe. Binti yangu anataka kunawa uso."

Filipo alikohoa ili asicheke. Mkaguzi, uso umemwiva, akaweka spana mfukoni, akainua ndoo kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea Selina mlangoni mwa gari. Akaandika karatasi, akampa Mazengo.

"Miezi sita. Halafu mimi natazama tena."

"Utatukuta," alisema Dorika.

Hospitalini nesi alimpa Selina kitanda karibu na dirisha, asubiri siku yake hapo. Dorika alimkunjia shuka, akamwekea bakuli la ukwaju chini ya kitanda, akaaga. Alikuwa amefika mlangoni Selina alipoinuka kwa kiwiko.

"Mama! Jumapili mje tena kuniona. Si mna gari?"