Picha za Kazi

Siku Mama alipofariki, gauni la nesi mmoja, mteja wake, lilikuwa bado limebanwa kwenye cherehani. Mkono mmoja ulikuwa umekwisha kupindwa, wa pili ulikuwa na pini. Asubuhi Mama alisema kifua kinambana, kama mtu aliyekunywa maji baridi kwa pupa. Akaenda kujilaza, na kabla ya adhuhuri hatukuwa naye tena. Watu wakaanza kuja. Viti vya jirani vikaletwa, cherehani ikasogezwa ukutani na lile gauni likiwa bado limebanwa, na hakuna aliyekumbuka kuzima televisheni.

Kwenye televisheni ile kaka yangu alikuwa ameunganisha kisanduku kidogo cheusi cha kuchezea filamu na nyimbo. Kikiachwa bila kuguswa, kinaanza kuonyesha picha zake chenyewe: milima yenye theluji, ziwa, daraja refu la nchi ya watu. Basi siku ile nzima, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanalia, milima ilipishana na maziwa bila sauti. Waliokuja kunishika mkono nimewasahau wengi. Ile theluji sijaisahau.

Mama alikuwa fundi cherehani na alishonea hapo hapo sebuleni. Nguo ikimalizika, aliingia nayo chumbani, akafunga mlango na kusema, "Naipiga picha, msinisumbue." Picha ikienda kwa mteja, inafuatana na maneno yale yale kila mara: "Tayari, njoo uchukue." Kazi yake tuliizoea kama watu wanavyozoea saa ya ukutani. Tulimsikia bila kumsikiliza.

Baba alikuwa dereva wa lori la safari ndefu mpaka mgongo ulipomkatalia. Miaka mingi alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Alipokuja kukaa nyumbani moja kwa moja, wakawa kama wachumba waliochelewa. Alikuwa akijitolea kumtungia uzi kwenye sindano, na uzi hauingii, na Mama anamwambia, "Dereva, hilo tundu si geti la bohari. Huwezi kuliingia kwa kurudi nyuma." Baba anacheka mpaka anakohoa. Hawakuishi hivyo muda mrefu.

Msiba ulipokwisha na viti vya watu kurudi kwao, Baba akabaki na kiti chake mbele ya televisheni, rimoti mkononi. Ile rimoti alikuwa haiachi, hata akisinzia. Mchana mmoja ilimponyoka ikaanguka chini ya kiti, na kabla hatujaiokota milima ikatokea.

"Hivi hii milima ni ya nani?" akauliza.

"Ya kiwandani, Baba," kaka yangu akamjibu. "Imekuja na kisanduku."

"Nimeendesha lori maisha yangu yote na sijapanda mlima hata mmoja wa namna hii. Leo nauangalia nimekaa." Akanyosha kidole kwenye kioo. "Haiwezekani akakaa mama yenu hapo?"

"Inawezekana. Kuna mahali pa kuweka picha zako mwenyewe."

"Na siku zote hizi ulikuwa umeninyamazia?"

"Hukuuliza, Baba."

"Halafu ndiyo anaitwa Injinia."

Injinia ni jina la utani tu. Kazi yake ni kuuza viatu. Lakini tangu utotoni hakijaingia nyumbani kwetu kifaa chenye skrubu ambacho hakukifungua, na vingine vilikubali kufungika tena. Jumamosi iliyofuata alikaa chini na simu ya Mama, ile yenye ufa kwenye kioo, na kiflashi cha kuhamishia picha. Kwanza alitaka kuona kama kisanduku kitazisoma. Akachukua zile zilizokuwa juu juu, bila kuchagua, akazinakili kwenye kiflashi, akakichomeka. Zikasomeka. Akakiacha hapo hapo, akarudi kwenye simu kufanya kazi yenyewe.

"Nguo, nguo, nguo," akasema, kidole kikiteleza kwenye kioo. "Mdogo wangu, njoo uone. Simu ya Mama ina kundi zima la wanawake, na hakuna hata mmoja mwenye kichwa."

Nikainama. Ni kweli. Kila picha ilianzia shingoni na kuishia kwenye nyayo. Magauni, sketi, sare za kazini, nguo ya bibi harusi. Nilijua hizo ndizo alizokuwa akiwatumia wateja, nikasogea pembeni.

Baba hakuinuka. Simu ilikuwa ndogo, na macho yake huona ukungu kwenye vitu vidogo. "Ziondoe hizo za kazi," alisema. "Nguo za watu nitazifanyia nini? Mimi nataka za mama yenu."

"Nizifute kabisa? Simu imejaa, hata kutuma inakataa."

"Futa."

Injinia si mtu wa kufanya kazi nusu. Alizifuta zote. Kisha akafungua na kapu la taka la simu, akalimwaga.

Zilizobaki zilikuwa chache kuliko tulivyodhani. Mama hakupenda kupigwa picha. Ukimwelekezea simu, anasema, "Ngoja kwanza nivue utepe shingoni," na akishavua ule utepe wa kupimia, picha imeshapigwa yeye akiwa ameinamisha kichwa. Katika harusi ya mama mdogo amesimama nyuma ya keki, na keki ndiyo iliyotoka vizuri. Katika mahafali yangu amefumba macho. Ipo moja tu ambayo anatazama mbele, mdomo umebana pini nne, kwa hiyo hacheki wala hasemi.

Injinia akaziweka kwenye kisanduku, akapanga kila moja ikae sekunde kumi na zianze televisheni ikiachwa dakika tano. Milima akaizima. "Haya," akasema. "Asiguse mtu kitu."

Kazi ikawa kumnyang'anya Baba rimoti. Mwishowe aliiweka mwenyewe juu ya cherehani, mbali na mkono wake, akakaa wima, mikono juu ya magoti, kama anayesubiri kupigwa picha yeye. Tukangoja. Dakika tano ni nyingi kwa watu watatu wasiofanya chochote. Kioo kikawa cheusi, halafu Mama akatokea nyuma ya keki, mkubwa kuliko alivyokuwa hai.

Baba akacheka kidogo. "Ona keki inavyojidai."

Ikaja ya mahafali, macho yamefumba. Ikaja ile ya pini. Halafu ikaja picha ya gauni la kijani lenye kola nyeupe, bila kichwa.

"Hiyo imepenya," Injinia akasema, akiinuka. "Ni zile za majaribio, zimo bado kwenye kiflashi. Naitoa."

"Acha."

"Baba, ni nguo ya mteja."

"Nguo ni ya mteja," Baba akasema. "Aliyemo ndani ni mama yenu."

Picha ikabadilika, ikaja ya harusi tena. Tukangoja mzunguko wote ndipo lile gauni likarudi, na safari hii Baba alikuwa amesimama karibu na kioo. Hakutuonyesha kwa maneno mengi. Aligusa kifundo cha mkono, palipokuwa na kovu la pasi. Akagusa mguu wa kulia uliotangulia mbele kidogo, kisigino kimeinuka, kama uko juu ya pedali. Mama alisimama hivyo hata kwenye foleni ya maji.

Mimi nikaona kabati la chumbani kwao, lile lenye kioo, na pazia nililolifua mwenyewe.

Ndipo tukafahamu alichokuwa akifanya nyuma ya mlango ule. Mteja mwenye umbo lililokaribiana na lake, nguo yake Mama alikuwa akiivaa kwanza mwenyewe, anatembea nayo, anainama, anaona inapobana na inapoachia. Akisharidhika anapiga picha mbele ya kioo, kisha anakata kichwa chake. Hakuna mwanamke anayefurahi kusikia kwamba nguo yake mpya imeshavaliwa, hata kama aliyeivaa ni fundi. Kwa hiyo hakusema. Hakutuambia hata sisi.

"Zile nyingine," Baba akauliza, bila kugeuka. "Zilikuwa nyingi?"

Injinia alikuwa ameshaishika simu, anafungua hapa na pale. "Zilikuwa nyingi," alisema. "Nimezifuta mimi, Baba."

"Nilisema mimi."

"Mimi ndiye niliyebonyeza."

"Wewe ni utingo tu," Baba akasema. "Gari nililigeuza mimi."

Ulikuwa mzaha wa kidereva, lakini hakuna aliyecheka.

Jumatatu Injinia aliipeleka simu kwa fundi simu. Aliirudisha jioni pamoja na maelezo: kapu lingeachwa bila kumwagwa, zingepatikana. Sasa kilichotoka ni vipande. Alituonyesha. Michirizi ya rangi, nusu ya pindo, kitu kama kiwiko. Baba alivitazama kwa utulivu, kimoja kimoja, kisha akasema asante, akarudi kwenye kiti.

Mimi nikakumbuka kwamba kila picha ilikuwa imetumwa kwa mwenye nguo. Mama alikuwa na tabia ya kufuta mazungumzo ya mteja akishachukua mzigo wake, lakini kwenye simu zao huenda zipo. Nikamwambia Baba. Nilidhani atafurahi.

"Utawaambia unazitakia nini?"

"Ukweli. Kwamba ni Mama."

Akageukia televisheni. "Huyu mtu alijificha miaka yote hiyo ili watu wasijue. Tusimvue nguo akiwa hayupo." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lakini kama zipo, nazihitaji, mwanangu."

Basi tukakubaliana niseme tunakusanya kumbukumbu za kazi zake. Halikuwa neno la uongo.

Nikaanza na nesi, kwa sababu gauni lake lilikuwa bado kwetu. Nilitoa zile pini nikaumaliza ule mkono wa pili kwa sindano ya mkono, taratibu, na bado pindo lilipinda. Nikalipiga pasi, nikampelekea. Alinikaribisha ndani, akanipa pole upya kama vile msiba ulikuwa wa jana, akaingia chumbani kulijaribu. Alipotoka alikuwa anavuta kitambaa chini ya kwapa.

"Ajabu," alisema. "Miaka yote amenishonea, na hii ndiyo nguo yake ya kwanza kunibana hapa."

Nilijua kwa nini: hili Mama hakuwahi kulijaribu mwilini. Nikasema, "Labda ni kitambaa, mama."

"Labda nimenenepa. Msiba unanenepesha, watu wanakaa wanakula." Akanigusa bega. "Mwacheni apumzike, nitalivaa hivi hivi."

Nilipomwomba picha akafungua simu yake. Alikuwa nazo tatu. Akiwa anazitafuta, akacheka peke yake. "Huyu mwanamke asiye na kichwa! Nilimuuliza mama yako siku moja, huyu umemtoa wapi, mbona kila nguo inamkaa? Unajua alinijibu nini? 'Huyo ni mtu wangu wa nyumbani. Hachoki kusimama.'"

Nikacheka naye. Niliogopa nikinyamaza ataniangalia usoni.

Wengine hawakuwa na kitu. Mmoja simu yake iliibiwa sokoni, mwingine iliangukia majini. Mwalimu mmoja alishangaa hata kuulizwa. "Picha ya nguo niiweke ya nini, na nguo yenyewe ninayo?" Alikuwa sahihi. Nguo alikuwa ameivaa siku ile ile, ya zambarau, na nilipokuwa naondoka nilimtazama mgongo wake mpaka akafunga mlango. Yule bibi harusi aliyeshonewa nguo amehama, namba yake haipatikani.

Zikapatikana chache. Injinia aliziweka kwenye kisanduku pamoja na lile gauni la kijani, na sasa hafuti kitu chochote cha mtu yeyote, hata matangazo ya viatu vilivyokwisha dukani. Wageni wakija huuliza kwa nini katikati ya picha za familia kuna nguo. Baba huwajibu, "Ni kazi za marehemu," na wao husifu ushonaji. Husifu kola, husifu marinda. Yeye hutikisa kichwa kukubali, na macho yake yako pale chini, kwenye mguu.

Nimemuuliza mara moja kama anataka tuiondoe ile ambayo Mama amefumba macho. Akasema hapana, hata zile zisizo na uso zina mtu.

Cherehani haijarudishwa katikati ya chumba. Mchana Baba huwasha filamu na kuisimamisha kabla haijafika popote, anaweka rimoti juu ya cherehani, anarudi kukaa. Dakika tano zikipita, picha zinaanza.