Bodi Iliyogoma

Katika karakana ya Mwalimu Kuang, pale Shenzhen, wanafunzi wakishakula mchana hulaza vichwa mezani wakasinzia. Qiu Suyin alipoamka alibonyeza swichi ya bodi yake ya saketi iliyogoma tangu asubuhi, na taa ikawaka. Akaigeuza. Risasi ya kuungia waya aliyoyeyusha yeye ilikuwa na mabonge. Hii ilikuwa laini kama kioo.

"Nani ameigusa?"

"Nimekurekebishia mlipolala," alisema mwalimu. "Kila kozi nafanya hivyo siku wageni wanapokuja kukagua kazi zenu, wasije wakatucheka."

"Kila kozi! Kumbe ndiyo maana watu wanahitimu hapa hata waya hawajui kuunga!"

"Punguza sauti, binti. Si inawaka?"

Wageni walikuwa wameshafika mlangoni. Suyin akashika chuma cha kuchomelea, akayeyusha maungio yote mpaka taa ikazimika.

"Haya, imegoma tena," akasema. "Sasa njoo unifundishe."