Grisi Nyeupe ya Wifi

Wifi yangu alikuwa fundi umeme wa magari, na gereji yake ilikuwa uani, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Nilipoolewa na kaka yake nilikuta mtaa mzima unamwita Mama Cheche, ingawa hakuwa na mtoto. Alitengeneza magari ya zamani tu, yale ambayo gereji kubwa huyatazama zikacheka. "Mimi na haya tunazeeka pamoja," alikuwa akisema. "Hakuna anayemficha mwenzake maradhi."

Mimi niliingia nyumba ile na kitambaa mkononi. Sikuwa na kazi bado, na mgeni hutaka aonekane. Nilifuta madirisha, nikafuta viti, nikamaliza ndani nikatoka uani.

"Bibi harusi, punguza," aliniambia. "Ukimaliza meza utaanza kunisugua mimi."

Wiki ya tatu likaletwa gari la Mkunga wa zahanati, la rangi ya maziwa, kuukuu kuliko mimi. Asubuhi lilikuwa likiwaka kwa mguso mmoja. Likienda dakika ishirini likapata moto, linazima. Ukisubiri lipoe, linawaka tena kama vile si lenyewe lililokuaibisha. Wifi alilipima siku nzima akasema ni moduli, kile kisanduku kidogo kama cha kiberiti kinachoiamuru cheche itoke lini. Kinakaa ubavuni mwa distributa, chombo kinachogawa umeme kwa kila plagi.

Alitafuta moduli mpya akaipata. Akaitoa distributa, akaiweka mezani, akasafisha pale moduli inapokaa, akapapaka grisi nyeupe. Mara Mkunga akapiga hodi getini, wifi akaenda kumfungulia.

Nikapita na kitambaa changu. Niliona uchafu mweupe, kama dawa ya meno iliyodondokea chuma kizuri. Nikaufuta mpaka chuma kikang'aa, na moyoni nikajisifu.

Walirudi pamoja, Mkunga akimhimiza. "Fanya haraka, fundi, nina kina mama wawili, na watoto hawajui foleni." Wifi aliifunga moduli mpya huku akimjibu, macho kwa Mkunga, mikono ikienda yenyewe kwa mazoea. Gari likawaka, Mkunga akaondoka.

Jioni Mkunga alirudi kwa miguu. Gari lilikuwa limemzimikia njiani, na mmoja wa wale kina mama alijifungua kabla Mkunga hajamfikia. Mama na mtoto walikuwa wazima, lakini katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumkuta mtoto amekwisha kuvishwa. Hakufoka. Aliweka ufunguo mezani akasema, "Nakupa siku tatu."

Wifi alilifuata gari, akapima koili inayokuza umeme wa cheche, akapima nyaya moja moja, akafungua plagi zote. Moduli hakuigusa, maana ilikuwa mpya na aliifunga mwenyewe. Mume wangu alimtazama akikaza macho nyuma ya miwani, akasema, "Dada, si uachane na hivi vidude? Baki na taa na betri." Alisema kwa upendo. Wifi akaanza kupima nyaya zilezile upya.

Siku ya pili nilimpelekea chai. Nikamuuliza, nia yangu ikiwa kuongea tu, "Wifi, ile grisi nyeupe huwa ya nini?"

"Moduli ikifanya kazi inapata moto," alisema, kichwa kikiwa chini ya boneti. "Grisi inaupitisha moto uende kwenye chuma. Bila hiyo inajipika yenyewe."

Nilirudi jikoni nikakaa. Sikusema neno siku ile, wala asubuhi yake. Sikuwa na mwezi katika nyumba ile, na nilishaona jinsi neno likitoka linavyozunguka ukoo mzima na kurudi limenenepa.

Siku ya tatu alinichukua tukalijaribu gari barabarani. Yeye aliendesha, mimi nilishika saa na jagi la maji. Dakika ya ishirini na mbili likazima kando ya ukuta wa shule. Alifungua boneti, akauchomoa waya wa koili, akaushika kwa koleo karibu na chuma cha injini. "Washa." Nikazungusha ufunguo. Hapakuwa na cheche. Akaloweka kitambaa, akakilaza juu ya moduli, tukasubiri. "Washa tena." Cheche ikaruka, ya buluu, nzuri.

Hakufurahi. Alikaa kwenye bampa akavua miwani.

"Ni moduli," alisema. "Nimeifunga mwenyewe, na nimeikosea, na hata sijui nimeikosea wapi. Kaka anasema kweli. Kesho Mkunga atafute fundi mwingine. Na mita yangu ya kupimia umeme nitampa mwenye macho."

"Wifi, niliifuta."

"Ulifuta nini?"

"Ile nyeupe. Nilidhani uchafu."

Alivaa miwani tena. "Uliifuta vizuri?"

"Mpaka pakang'aa."

Alianza kucheka, akacheka hadi akashika boneti. "Siku tatu umenizeesha, wewe mwanamke. Nilishaanza kujichagulia mkongojo." Akatoa bisibisi na kijichupa cha grisi mfukoni, akafungua moduli, akanisogezea. "Paka wewe. Nyembamba, kama siagi ya mwisho na watoto ni wengi."

Nilipaka. Tuliendesha saa nzima, tukapita hata mahali ambapo hatukuwa na la kufanya.

Nyumbani Mkunga alikuwa akingoja, mikono kifuani. "Kosa lilikuwa nini?"

"Nilisahau kupaka grisi," wifi alisema.

"Wewe, usahau?"

"Mimi."

Nilifungua mdomo, wifi akanikanyaga mguu. Mkunga alichukua gari lake, na kwa miezi miwili akimwona wifi anageukia ng'ambo.

Nilimuuliza kwa nini alibeba kosa langu. "Mimi nina miaka thelathini ya jina mtaa huu," alisema. "Wewe una wiki tatu. Nani ana akiba?"

Miaka imepita, na wifi alifariki mwezi uliopita. Msibani Mkunga, sasa anatembea kwa kushikwa mkono, alisimulia habari ya siku ambayo Mama Cheche alikosea kazi mara moja tu maishani. Watu walitabasamu. Nikasema, mbele ya wote, kwamba hakukosea. Ni mimi niliyeifuta ile grisi.

"Nilimnunia miezi miwili," alisema Mkunga.

"Ndiyo, mama."

"Na kila asubuhi alinisalimia." Alipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akanivuta nikae karibu naye. "Hebu anza tena, polepole. Chuma ulikifuta kwa kitambaa gani?"

Nikamwambia.